Picha ya Kituruki Niliyomtafsiria Mama

Mama yangu hajawahi kuipenda picha hata moja aliyoitazama, na hajawahi kuiacha hata moja katikati. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki karibu kabisa na tivii kwa ajili ya macho yake, kanga mbili mabegani na blanketi magotini, maana baridi ya Sumbawanga haimwonei huruma mzee wala mgonjwa, halafu anaanza kutukana. Stelingi akikimbizwa na majambazi: "Huyu anakimbia kama anaogopa kuchafua suruali." Msichana akilia kwa kuachwa na mchumba: "Chozi la kitunguu hilo." Mtu akipigwa risasi, akachelewa kufa, akawa anaaga ndugu mmoja mmoja: "Kufa, baba, wenzio wana kazi."

Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza cherehani, nikaiweka sebuleni, na tangu hapo safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye cherehani. Asubuhi vijana wenzangu wa mtaa wetu wa Mazwi wanapanda baiskeli na pikipiki kwenda kutafuta. Mimi hutafutwa. Mwenye sketi ya shule iliyofumuka anajua ninapokaa, na nisipokuwepo basi nimekufa. Sina mke. Wawili waliowahi kulifikiria jambo hilo walikuja wakaona nyumba ina mwanamume, ina cherehani na ina tivii, wakahesabu nafasi iliyobaki, wakaondoka.

Kwa hiyo mama alipoletwa mjini kutibiwa magoti, nilipata mtu wa kutazama naye picha kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya utu uzima. Nalisema hili mapema ili usije ukafikiri niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa ajili ya magoti.

Picha zetu huja kwenye flashi, zimeshatafsiriwa na DJ wa Dar es Salaam, ambaye anazungumza juu ya sauti za wenyewe, anacheka, anasalimia washikaji zake wa huko mtaani kwake, na anaendelea. Kiswahili cha mama ni cha kanisani na cha sokoni: anajua kuomba na kununua. Kile cha DJ kilimpita kama pikipiki. Basi nikawa namtafsiria DJ. Waturuki wanasema, DJ anasema juu yao, na mimi juu ya DJ, kwa Kifipa chetu, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani. Sitaki kujisifu, lakini nilikuwa hodari. Nilipandisha sauti kwenye ugomvi na kuishusha kwenye mapenzi. Na kama kulikuwa na jambo la aibu nilikuwa nasema, "Hapa wanazungumzia kiwanja," na mama anajibu, "Mbona wanakizungumzia bila shati?"

Tatizo lilikuwa shamba.

Mama ana shamba lake kijijini kwetu, huko juu uwandani, la mahindi na ulezi. Alimwachia mdogo wake, mama yangu mdogo, amtunzie kwa msimu mmoja. Ukapita mmoja, ukapita wa pili. Kila mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa milimani, alikuwa anasimama mlangoni, ameshika fremu, anasema, "Nirudishe." Nilikuwa na majibu. Barabara imeharibika. Mama mdogo ameshalima. Tusubiri kliniki. Majibu yakanipungukia, na siku ya kliniki nikapata moja kubwa.

Daktari alikuwa na haraka, akazungumza nami kwa Kiswahili cha kitabu. Alisema mama anaendelea vizuri, apunguze kubeba mizigo mizito, atembee kila siku, asikae sana. Tukatoka nje. Mama akaniuliza kwa Kifipa, "Kasema nini?" Nikamwambia, "Kasema usilime tena."

Sikupanga. Lilitoka kama linavyotoka neno la DJ pale ambapo hajasikia Mturuki amesema nini. Tulipofika nyumbani mama akasema, "Daktari mdogo yule. Hata ndevu hana." Lakini kwa muda hakuniambia nimrudishe.

Ndipo ikaja ile picha ya Kituruki.

Ilikuwa sizoni ndefu, ya aina inayokuza mpaka watoto wa waigizaji. Bibi mmoja wa kijijini, huko kwao kwenye nchi ya juu yenye baridi na upepo, anachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi ghorofani mjini. Nilipoiona sehemu ya kwanza nilitaka kuizima. Bibi kajifunga kitambaa, kasimama mlangoni, kashika fremu. Mama akasogeza kiti. "Pale ni kama kwetu," akasema. "Tazama nyasi zilivyolala." Na kwa mara ya kwanza hakutukana mtu kwa muda wa kama dakika kumi. Nikajua nimekwisha.

Mimi nilikwisha kuonja mwisho. Hiyo ndiyo tabia yangu, naanza na sehemu ya mwisho nijue kama inafaa kupotezea muda. Nilijua kwamba bibi anaugua kwa kukaa, kwamba daktari anamwambia mwanawe amrudishe, na kwamba sehemu ya mwisho kabisa yuko shambani kwake ameshika jembe, mashavu mekundu, anacheka. Mwanawe naye amesimama pembeni na viatu vya mjini, analia. Picha nzuri sana. Ningeweza kuipiga teke.

Sikuipiga teke. Niliitafsiri.

Daktari wa Kituruki alipokuja na miwani yake nikamfanya aseme, "Bibi huyu akishika jembe tena, hamalizi mwezi." Bibi alipolia kwa furaha nikasema analia kwa uchungu. Alipofungasha sanduku nikasema anatoa nguo za msaada. Walipopanda gari nikasema wanakwenda harusini. Mama akauliza, "Harusini kwa sanduku?" Nikasema ni harusi ya siku tatu, Waturuki ndivyo walivyo. Kisha ikaja ile ya jembe, na hapo jasho likanitoka kuliko bibi mwenyewe.

"Mbona ameshika jembe?" mama akauliza.

"Anaota, mama."

"Anaota macho wazi?"

"Ndiyo ndoto zao."

Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Na anavyolishika. Huyu hajalima hata tuta moja tangu azaliwe." Akarudi nyuma kitini. "Halafu anaamka?"

"Anaamka ghorofani," nikasema. "Anabaki na mwanawe mpaka mwisho."

Maandishi yakaanza kupanda, muziki ukalia. Nilisubiri matusi. Hayakuja. Mama alikunja blanketi vizuri, kona kwa kona, akaliweka juu ya kiti. "Kumbe hata wa kwao wanaishia hivyo," akasema, akaenda kulala wakati jua bado lipo.

Tangu siku hiyo hakusimama mlangoni tena. Mawingu yalikuja, mvua ya kwanza ikanyesha, harufu ya udongo ikaingia mpaka kwenye vitambaa vyangu, na yeye hakutazama nje. Alikuwa anakula nusu. Picha alikuwa anatazama, lakini stelingi alikimbia anavyotaka na hakuna aliyemsema. Nilijiambia amezoea mji. Nilikuwa nimeshinda, na nilishona nguo nyingi wiki hizo.

Jumamosi moja jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwa jirani mwenye genge, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Huyu mama anauza nyanya, vitunguu, dagaa na samaki wa migebuka kutoka ziwani Wampembe, na maoni. Ulimi wake unajulikana mpaka soko kuu. Mimi na yeye hatupatani tangu nilipomshonea gauni la ubatizo wa mjukuu wake likambana kwapani. Alisema nimekosea kipimo. Mimi nilisema kipimo kilikuwa sahihi siku ya kupimwa.

Tulisali, tukaimba, matangazo yakasomwa. Chai ikaja na viazi. Na kama ilivyo kawaida katika jumuiya yetu, Amina ikishapoa, akina mama wakaanza picha. Nani kaangalia nini, nani mbaya, nani alistahili kofi. Huwa wanajadili kwa Kifipa kilichochanganyika na Kiswahili, na kwa ukali ambao kama wangeutumia kwenye michango ya parokia tungekuwa na kanisa la ghorofa.

Mwenye genge akaitaja ile ya Kituruki. "Mimi ile imenimaliza," akasema. "Mwishoni nimelia mpaka maharage yakaungua."

Mama, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu Baba Yetu, akaweka kikombe chini. "Picha mbaya sana ile. Aliyeitunga alaaniwe."

"Mbaya? Shikamoo tena, mama, labda sikukusikia."

"Umenisikia. Bibi mzima ana shamba lake, ana akili zake, anafungiwa ghorofani kama kuku wa kisasa mpaka anakufa, halafu mwishoni wanapiga muziki wa furaha. Furaha ya nani?"

Akina mama wakatazamana. Mwenye genge akacheka, kicheko kile cha kumwonyesha mteja kwamba nyanya alizozishika si za bei hiyo. "Mama, bibi hakufungiwa. Bibi alirudi kwao."

"Alikwenda harusini."

"Harusi gani?"

"Ya siku tatu."

Hapo walicheka karibu wote. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango na mzee mmoja mwenye usingizi, na kiazi kilichokuwa kinywani mwangu kikakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Ulisinzia," mama akamwambia mwenye genge.

"Mimi nisinzie? Nimekwambia maharage yaliungua!"

"Maharage yako huungua hata usipolia. Wote hapa tumeyala."

"Na wewe macho yako ndiyo hayo hayo yaliyomwita paroko dada siku ya Pasaka?"

"Alivaa kanzu!"

"Jamani," akasema mwenyekiti wa jumuiya, mama mpole aliyestaafu ualimu, "tumetoka kusali sasa hivi."

"Ndiyo, na mimi nilisali aache uongo," mama akasema. Alikuwa amenyooka, mashavu yamepata damu, sijamwona hivyo kwa wiki kadhaa. Na kitu kilichonichoma ni kwamba alikuwa ananipigania mimi. Alikuwa ameichukia picha yangu kwa moyo wote na anaitetea kila neno. "Bibi alishika jembe ndotoni! Ndotoni! Macho wazi, ndivyo wanavyoota! Mnabishana na mimi ambaye nina mtu wa kunieleza? Nyinyi mnasikiliza yule kijana anayepiga kelele kama anauza sumu ya panya. Mimi mwanangu ananieleza kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kila kitu. Amesoma mpaka fomu foo."

"Labda ndiye aliyekudanganya," akasema mwenye genge.

"Huyu?" Mama akanigeukia, akanipima toka juu mpaka chini. "Hawezi. Hana akili ya kutosha."

Walicheka tena, na safari hii nami nilijaribu kucheka.

"Haya, sema, fundi," mwenye genge akaniambia. "Bibi alirudi, hakurudi?"

Nilikuwa na nafasi. Naikumbuka vizuri, ilikuwa wazi kama mlango niliokaa karibu nao. Nikasema, "Unajua, hizi picha zinatafsiriwa na ma-DJ tofauti. Inategemea umepata ya nani."

"Kwa hiyo DJ mmoja anamrudisha bibi na mwingine anambakiza?"

"Inatokea."

"Na jembe? DJ naye analichora?"

Akainuka. Flashi ilikuwa palepale, imening'inia kwenye tivii yake kwa uzi wa rozari iliyokatika. Mwenyekiti akajaribu kusema kuhusu muda. Hakuna aliyemsikiliza. Viti vikageuzwa, mama akawekwa mbele kabisa, na mwenye genge akasimama kando ya kioo kama mwalimu ubaoni. DJ akaanza kelele zake, na yeye juu yake, kwa Kifipa safi kuliko changu.

Akaanzia kwa daktari. Mturuki akavua miwani. Mwenye genge akasema, "Anamwambia mwanawe: mama yako haumwi miguu, anaumwa kukaa. Mrudishe kwake. Atembee, ashike kazi ndogondogo, atapona."

Bibi akafungasha sanduku. "Hapo anafungasha za kwake, anarudi." Gari likapita katikati ya nyasi. "Hiyo ndiyo njia ya kwao." Kisha jembe.

"Yuko macho?" mama akauliza, kwa sauti ndogo.

"Yuko macho, mama. Jasho hulioni?"

Mama akainama mbele. Akamtazama yule bibi akichimba, vibaya vilevile, na hakumsema. Mwanawe wa Kituruki akatokea na viatu vyake vya mjini, analia. Akina mama wawili watatu nao wakaanza kuvuta kamasi. Muziki ukapigwa. Mwenye genge akazima, akaniangalia, tayari kushangilia. Nadhani alikuwa ameandaa kitu cha kusema kuhusu gauni.

Lakini mama alikuwa ameshageuza kiti. Hakukigeuza kwa mwenye genge, alikigeuza kwangu.

"Na wangu alisema nini?"

"Nani, mama?"

"Daktari wangu. Yule asiye na ndevu."

Chumba kikawa kimya kiasi kwamba mzee mwenye usingizi akaamka.

"Tuzungumze nyumbani, mama."

"Alisema nini?"

"Hata hapa ni nyumbani, fundi," akasema mwenye genge. "Jibu."

"Wewe nyamaza!" mama akamkaripia bila kumtazama. "Hili si la genge."

Nikasema. Kwamba apunguze kubeba mizigo mizito. Kwamba atembee kila siku. Kwamba asikae sana.

"Na kulima?"

"Hakusema kuhusu kulima."

Nilitegemea kofi. Ningelipokea. Mama alishika mikono ya kiti, akajisukuma juu mwenyewe, na nilipomkimbilia kumshika kiwiko akakiondoa kiwiko. Akampa mkono mwenyekiti wa jumuiya. Wakatoka wakitembea polepole kwenye matope, na mimi nyuma yao nimebeba biblia yake, kama mtu aliyeajiriwa jana.

Nyumbani aliacha kuzungumza nami Kifipa.

Asiyetoka kwetu anaweza asione ukali wake. Katika maisha yangu yote mama hakuwahi kuniambia neno la Kiswahili isipokuwa mbele ya wageni. Sasa alikuwa ananiambia Kiswahili asubuhi, mchana na jioni, kile cha sokoni, maana cha kanisani hakukiona kinanifaa. "Fundi, chumvi ipo?" "Fundi, maji ya moto kiasi gani?" "Asante, fundi." Alinipa heshima zote anazompa Mpemba wa dukani. Nilimjibu kwa Kifipa. Aligeuza sikio kama hajasikia, kisha akauliza tena kwa Kiswahili. Tivii niliwasha jioni moja, nikaweka picha ya ngumi ambayo haihitaji tafsiri. Alichukua kiti chake cha plastiki akatoka nacho nje, akakaa mgongo ukiwa mlangoni, akitazama wapita njia. Nikasikia anawatukana wao.

Siku ya tatu nilikwenda gengeni kutafuta mtu wa kumlaumu.

"Umefurahi?" nikamwambia mwenye genge. "Mama hali, hasemi."

"Anakula. Amekula hapa mchana, ugali na migebuka miwili. Anasema kwako chakula hakina mtu."

"Umemgombanisha na mwanawe kwa ajili ya picha."

"Mimi nilikuwa nabishana picha, ndiyo," akasema, huku akipanga nyanya zake mafungu mafungu bila kuinua macho. "Kila wiki nabishana picha. Sikujua kama kuna mtu ndani yake. Na gauni lilibana. Lilibana siku ile ya kupimwa, nikakwambia, ukaniambia litaachia. Wewe, fundi, kila kitu unasema kitaachia."

Nilinunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji ili nisiondoke mikono mitupu. Aliniwekea vilivyooza.

Mama alijitafutia usafiri mwenyewe. Alimuuliza mwenyekiti, mwenyekiti akamuuliza mwanawe, na asubuhi ya Jumatano pick-up inayopanda uwandani ikasimama mbele ya nyumba yangu na kupiga honi. Mama alikuwa ameshafunga kila kitu kwenye kitenge kimoja. Nikasema nakwenda naye. Akamwambia dereva, kwa Kiswahili, "Huyu ni fundi. Akitaka kuja, aje. Nauli yake si yangu."

Nikapanda nyuma na magunia ya mbolea. Sikuwa nimetoka mjini kwa muda mrefu kiasi kwamba koti langu lilikuwa la msimu mwingine. Upepo wa juu kule haukuniuliza. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, kijani kipya kimeanza chini yake, na kupitia kioo cha nyuma niliona kitambaa cha kichwa cha mama kikigeuka kushoto, kulia, kushoto. Tulipishana na ng'ombe wengi wa wafugaji wa Kisukuma, dereva akasimama wapite, na mama akashusha kioo akaanza kuwasema wale ng'ombe kwa wembamba wao. Kijana aliyewachunga naye akamjibu. Walitupiana maneno mpaka ng'ombe wa mwisho, na mama akapandisha kioo kama mtu aliyeshiba.

Kwa mama mdogo tulipokewa kwa vigelegele. Shamba nusu lilikuwa limekwisha kulimwa. Mama hakukaa hata kunywa maji. Aliomba jembe, lile dogo la kupalilia, akaenda mpaka ukingoni, akapiga mara nne au tano, akapumzika, akapiga tena. Magoti yalimuuma, niliona anavyouma midomo. Nikasogea. Akanitazama mara moja, nikarudi nilikotoka.

Akina mama wa jirani wakaja kumsalimia, wakakaa chini kwenye majani, na kabla hawajamaliza habari za waliokufa na waliozaa, mmoja akamuuliza, huko mjini alikuwa anafanya nini siku zote hizo.

"Nilikuwa naangalia picha," mama akawaambia, kwa Kifipa.

"Tupe basi!"

Akawapa ile ya Kituruki. Nilikaa kwenye jiwe, hatua chache kutoka kwao, natoa matope kwenye viatu. Nakiri kwamba yeye ni hodari kuliko mimi. Alimpa bibi sauti, alimpa daktari kikohozi, ghorofa akalifanya liwe na harufu. Ila mwana wa bibi hakuwa yule wa picha. Mwana katika picha ya mama alikuwa mnene, mvivu, mwenye uzi kwenye nywele, anayelala karibu na mashine. Kila bibi akiuliza kitu mwana anajibu uongo, na kila uongo ukitoka kitambi kinaongezeka, mpaka mlango wa ghorofa ukawa haumtoshi kutoka. Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kunitazama: nywele zangu, tumbo langu.

"Na mwishoni?" mama mdogo akauliza. "Huyo mwana alimwomba mama yake msamaha?"

Mama alikuwa anabandua majani kwenye mpini wa jembe, moja moja.

"Sijui. Hapo umeme ulikatika."

Barabarani pick-up ikapiga honi. Dereva alikuwa amesema hasubiri mtu, mvua ya mchana ikimkuta kwenye mteremko hafiki mjini. Nikasimama. Nilijua kwamba nikiondoka hivihivi nitakwenda kukaa kwenye cherehani yangu mwaka mzima bila kusema.

"Aliomba," nikasema kwa Kifipa, kwa sauti iliyonitoka kubwa mno, kama ya DJ. "Alimwomba. Alisema alikuwa anaogopa kubaki peke yake, ndiyo maana alidanganya. Alimwomba msamaha mama yake mbele ya watu."

Akina mama wakageuka wote kumtazama mama. Yeye alinitazama mimi, akikunja macho kama anavyokunja mbele ya kioo cha tivii.

"Wewe," akasema, "umeshatafsiri vya kutosha. Panda gari."

Nikapanda. Alilisema kwa Kifipa, lakini nimelifikiria sana tangu hapo na sioni kama kulikuwa na wema wowote ndani yake. Mama mdogo ananiambia kwenye simu kwamba analima kidogo kidogo kila asubuhi, magoti yanauma na hataki kuambiwa, na kwamba jioni watu wanakuja kumsikiliza picha ambazo mimi sijawahi kuziona kwenye flashi yoyote. Nikiomba nizungumze naye, simu inakaa kimya kidogo, halafu mama mdogo anarudi na kusema yuko shambani.